Dondoo muhimu: Reli ikipita kwenye kiwanja chako

Ujenzi wa reli ya kisasa (SGR) umegusa nyumba nyingi za Watanzania. Ukipata taarifa kuwa eneo lako linatwaliwa, zingatia haya:

• Jua stahili zako. Fidia hujumuisha thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, yakiwemo majengo na mazao, pamoja na posho ya usumbufu. Anayeishi kwenye nyumba hudai pia posho ya makazi, yaani kodi ya miezi 36, na posho ya usafiri. Mwenye biashara hudai faida anayopoteza.

• Uwepo siku ya uthamini. Hesabu pamoja na mthamini kila chumba, choo, kisima na mti wa matunda. Piga picha.

• Soma fomu ya uthamini kabla ya kusaini. Hakikisha jina, namba ya akaunti na idadi ya mali ni sahihi. Omba nakala.

• Uliza kuhusu kiwanja mbadala. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinairuhusu Serikali kutoa kiwanja au nyumba badala ya fedha.

• Hesabu miezi. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe. Ikichelewa, dai riba. Miaka 2 ikipita, uthamini unarudiwa.

• Mshirikishe mwenza wako. Nyumba ya familia ina haki za wote wawili.

Usipokee malipo usiyoyaelewa; uliza kwanza.