Dada, Pikapu Yangu Inapiga Mizinga

Mdogo wangu wa Lushoto, barua yako nimeisoma nikicheka, kicheko kikakata nilipofika kwenye bei ya ovahoo. Hebu rudisha hela mfukoni kwanza. Hilux ya miaka ile yenye injini ya 22R, ya kabureta, hupiga kelele nyingi kwa ugonjwa mdogo. Fundi anayetamka ovahoo kabla hajachomoa hata plagi moja ameshakupima wewe, injini bado.

Kumisi maana yake silinda imeshindwa kuchoma mafuta zamu yake ilipofika. Ule mlio wa baruti ni mafuta yanayowaka mahali pasipo pake, au wakati usio wake. Kwa hiyo nijibu: unatokea nyuma kwenye ekzosi, au mbele chini ya boneti? Wa nyuma mara nyingi ni petroli iliyopita bila kuwashwa, na hapo tunashuku plagi, waya, kofia ya distribyuta, au taimingi iliyochelewa. Wa kwenye kabureta una watuhumiwa wengine: manifoldi inavuta hewa pembeni, jeti imeziba, vali ya kuingiza haifungi vizuri, au kuna mtu alifanya sevisi akachanganya waya za plagi. Na tafadhali, usiinamie kabureta kuchungulia huku injini inawaka. Moto ukirudi, kwaheri nyusi.

Umesema asubuhi za ukungu ndiyo balaa, jua likitoka gari linatulia. Mimi hapo ningeanza na umeme. Subiri usiku, zima taa ya uani, washa injini na ufungue boneti. Mtandio vua, nywele funga, feni haina adabu. Tazama tu, usishike kitu. Ukiona cheche za bluu zinaruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma, waya huo umekwisha. Kisha zima injini, fungua kofia ya distribyuta, ifute kwa kitambaa kikavu na umulike ndani kwa tochi. Unatafuta mstari mwembamba mweusi kati ya ncha moja na nyingine. Huo ni ufa, na unyevu ukiingia humo umeme unapita njia ya mkato badala ya kwenda kwenye plagi. Kofia mpya na rota yake havikaribii bei uliyotajiwa.

Kama hukuona kitu, tafuta silinda inayolala. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, mwisho wake uchomeke kwenye plagi ya akiba iliyobanwa vizuri kwenye chuma cha injini, uwashe tena usikilize. Silinda iliyo nzima ikiondolewa, injini inatetemeka na kupoteza nguvu. Ukiondoa iliyolala, injini haijali. Fanya hivyo kwa zote nne, ukizima kila mara. Ukishaipata, hamishia plagi yake kwenye silinda ya jirani. Misi ikihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Isipohama, jaribu waya.

Hiyo plagi usiitupe kabla ya kuisoma. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi. Iliyolowa petroli, haikupata cheche. Yenye oili, ringi au sili za vali zimechoka. Nyeupe pee, hewa imezidi. Ya rangi ya kahawia hafifu haina kesi. Ukirudisha waya, mpangilio wa 22R ni 1-3-4-2, na namba 1 ni ile ya mbele, upande wa feni.

Sasa ile mizinga ya kwenye mteremko wa kwenda Mombo, ukiachia mafuta. Hiyo naiona ni kesi nyingine kabisa. Angalia maungio ya ekzosi, hasa gasketi pale bomba linapokutana na manifoldi. Masizi meusi pembeni ya kiungo yanaonyesha panapovuja, na hewa ikiingia hapo inakutana na petroli ambayo haikuungua. Boliti zikazwe na gasketi ibadilishwe. Bomba likiwa limetoboka, mpelekee mtu wa kuchomelea.

Tapeti nazo zipimwe, maana vali iliyobanwa sana haifungi, na gari litamisi hata ukinunua plagi za dhahabu. Kwa 22R ni milimita 0.20 vali za kuingiza na 0.30 za kutoa, injini ikiwa ya moto.

Silinda ikigoma baada ya yote hayo, ndipo uzungumzie ovahoo, tena baada ya kupima kompresheni ukiwa umesimama hapo hapo. Ikisoma chini, fundi amwagie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi apime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni vali au gasketi ya silinda hedi, na hiyo ni kufungua juu tu, wala si injini nzima. Akikwambia geji hana ila sikio lake linatosha, mwambie unakwenda kunywa chai, kisha ondoka na gari lako.