Mjamzito Mwenye Kisukari na Saumu ya Ramadhani



Ndugu zangu Waislamu, Ramadhani iliyopita dada yangu alinipigia simu kutoka Masafu. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na ana kisukari. "Mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma dini. Nifunge?" Nikamjibu upesi, "Funga, dada, Allah atakupa nguvu." Sikumuuliza mkunga wake amesemaje.

Siku ya tatu, mchana, aliona mtoto hachezi tumboni kama kawaida. Akapanda bodaboda hadi hospitali. Mkunga akampima sukari, ikawa imeshuka sana. Akaweka pembe tumboni, akasikiliza. Alhamdulillahi, moyo wa mtoto ulikuwa unapiga. Dada akafungua pale pale.

Nimejifunza mambo mawili.

Kwanza, afya. Sukari ya mama humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma. Ikizidi, mtoto hunenepa kupita kiasi, na anaweza hata kufia tumboni. Na mama anayejidunga insulini bila kula, sukari yake huweza kushuka ghafla. Ndiyo maana mimba hii hufuatiliwa kwa karibu zaidi. Moyo wa mtoto kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Nyumbani, mama hulalia ubavu na kuhesabu mtoto anavyocheza. Asipofikisha mara 10 kwa saa 2, aende hospitali, asingoje kesho.

Pili, fiqhi. Surat al-Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Katika madhehebu ya Shafii, mjamzito akihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, hulipa tu. Akihofia mtoto peke yake, hulipa na kutoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Hofu hiyo huthibitishwa na tabibu mwaminifu au uzoefu, si dhana ya mwanafunzi kama mimi.

Dada zetu wengi huona haya kula mchana wa Ramadhani. Tusiwaongezee mzigo. Ukiulizwa swali hili, anza kwa kuuliza: "Mkunga amesemaje?"

Dada alijifungua salama. Deni lake la saumu lipo, atalilipa inshallah. Langu mimi ni kuomba msamaha, na nimeshamwomba.

Wallahu a'lam.