SOMO: RELI YA VOI HADI TAVETA

Ukisafiri kutoka Voi kwenda Taveta utaona reli ya zamani iliyomezwa na majani kwa miaka mingi. Vijana wengi huuliza, "Hii ilijengwa ya nini?" Tujifunze.

1. Ilizaliwa na vita
Agosti 1914 Wajerumani waliokuwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika waliiteka Taveta. Waingereza walitaka kuwafukuza, lakini kutoka Voi ni karibu kilomita 110 za nyika isiyo na maji. Basi mwaka 1915 wakaanza kujenga reli kupitia Mwatate, Bura na Maktau. Miongoni mwa wajenzi walikuwa askari mafundi kutoka India. Maji yaliletwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Adui naye alitega baruti njiani usiku.

Taveta ilikombolewa Machi 1916. Mwaka huohuo reli ikaungana na ile ya Wajerumani ya Tanga hadi Moshi, pale Kahe. Iliwezekana kwa kuwa zote mbili zilikuwa na upana wa mita moja.

2. Ililelewa na ujirani
Vita vilipokwisha, njia ya mizinga ikawa njia ya abiria na mizigo. Mtu aliweza kutoka Mombasa mpaka Moshi kwa treni.

3. Iliumizwa na ugomvi
Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa mpaka 1983. Reli inayoishia kwenye mpaka uliofungwa itabeba nini? Baadaye malori na matatu yakachukua kazi iliyobaki. Treni zikaacha kupita.

4. Tufanye nini?
Treni imekwenda, lakini ardhi ya reli bado ni mali ya umma. Ukiuziwa ploti kando ya reli, usitoe pesa kwanza. Nenda ofisi ya ardhi, uulize mpaka wa reli uko wapi. Aliyejenga ndani yake anaweza kubomolewa bila fidia, na aliyemuuzia keshatoweka. Vilevile, kung'oa chuma na mataruma kuuza kama chuma chakavu ni wizi. Siku reli ikihitajika tena, tutanunua upya kilichokuwa chetu.

Maswali ya kikundi
(a) Wazee wenu wanakumbuka nini juu ya treni hii?
(b) Kwenu mpaka wa reli unajulikana? Nani atauliza, na lini?
(c) Ugomvi wa majirani umewahi kufunga njia gani kijijini?