Skrubu ya Nyuma Ndiyo Inayoibeba Ndoo

Ndoo ya taka iliyokaa sakafuni haina siri. Uzito wake unashuka moja kwa moja, sakafu inausukuma juu kwa kani ileile, ndoo inatulia. Sasa ifunge ndoo hiyohiyo kwenye reli za kuvuta ndani ya kabati la sinki, kisha ivute hadi mwisho. Iko nje ya kabati, inaning'inia, na chini yake hakuna kitu. Uzito ni uleule. Je, unabebwa na nini?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama kazi ya fundi itadumu au itang'oka. Mteja huuliza bei ya reli na ukubwa wa ndoo, fundi huuliza upana wa kabati, na wote wawili hulipita swali lenyewe. Wakati huohuo makabati ya namna hii yanazidi kuingia katika nyumba za ghorofa za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Kenya ina sababu moja zaidi: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza pale zinapozalishwa, yaani nyumbani. Anayetii huhitaji ndoo mbili mahali palipokuwa na moja, na nafasi ya karibu kabisa ni chini ya sinki.

Tuanze na mvutano wa dunia. Kila kilo 1 huvutwa chini kwa kani ya takriban nyutoni 10. Kwa usahihi zaidi ni 9.8, ila 10 itatutosha. Tuchukue ndoo yenye maganda ya ndizi, machicha ya nazi, majani ya chai na mabaki ya ugali, pamoja na fremu ya chuma inayoishika, vyote viwe kilo 12. Hizo ni nyutoni 120. Idadi hiyo haibadiliki ndoo ikiwa ndani wala ikiwa nje. Kinachobadilika ni umbali.

Aliyewahi kubeba mzega anaijua sheria ya umbali begani kabla hajaisoma darasani. Mzigo wa mbele ukizidi wa nyuma, husogeza bega kuelekea mbele, na mti unatulia. Hajapunguza mzigo wowote. Amefupisha tu umbali kati ya mzigo mzito na bega. Archimedes wa Sirakusa, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliithibitisha sheria hii kwa hesabu: zidisha kila mzigo kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo, na majibu ya pande mbili yakilingana, wenzo hautapinduka.

Sasa tulitafute egemeo la ndoo yetu. Reli zina urefu wa sentimita 45 na zimefungwa kwenye ubao wa chini wa kabati, kuanzia ukingo wa mbele kwenda nyuma. Ndoo ikiwa ndani, kitovu cha uzito wake kiko katikati ya reli, ubao uko chini yake, na skrubu hazina kazi kubwa. Ukiivuta yote, kitovu hicho kinatoka nje na kusimama takriban sentimita 22.5 mbele ya kabati. Uzito unataka kuiinamisha ndoo. Ingeinama kwa kuzunguka wapi? Kwenye ukingo wa mbele wa ubao. Hapo ndipo egemeo lilipo.

Upande wa mbele wa egemeo tuna nyutoni 120 mara sentimita 22.5, sawa na 2,700. Upande wa nyuma lazima upatikane mvuto wa kwenda chini utakaotoa 2,700 vilevile, na wa kuutoa ni skrubu zinazozuia mkia wa reli usiinuke. Fundi akizifunga skrubu za nyuma sentimita 40 kutoka ukingoni, zinahitaji kushika nyutoni 67.5 tu, tena kwa kugawana reli mbili. Akizifunga sentimita 10 kutoka ukingoni kwa sababu huko mbele bisibisi inafika kirahisi, skrubu zilezile, za duka lilelile, zitavutwa kwa nyutoni 270. Ni mara 4 zaidi, na tofauti yote imeletwa na mahali pa tundu.

Na ukingo wa mbele nao una hesabu yake. Unabeba uzito wa ndoo pamoja na mvuto wa skrubu, kwa kuwa vyote viwili vinaelekea chini. Kwa skrubu za mbali ni nyutoni 187.5, kwa skrubu za karibu ni 390. Ndiyo maana ubao wa chini hupinda mbele hata kama skrubu zimeshika. Kwa hiyo, kabla ya kufunga chochote, hakikisha chini ya ukingo huo kuna mguu au kipande cha mbao kinachoufikisha mzigo sakafuni.

Tumwongeze mtoto. Mtoto wa kilo 15 akining'inia kwenye ukingo wa mbele wa ndoo iliyovutwa, nyutoni zake 150 ziko sentimita 45 kutoka kwenye egemeo, na peke yake analeta 6,750. Jumla inakuwa 9,450. Skrubu zilizoko sentimita 40 nyuma zinavutwa kwa nyutoni kama 236, ilhali zilizoko sentimita 10 zinavutwa kwa 945. Nyumba yenye mtoto anayeanza kusimama kwa kushikilia vitu isifungiwe reli hizi kwa kukisia.

Skrubu yenyewe inashika nini? Nyuzi zake zinakamata vipande vya mbao vilivyo kati ya mzunguko mmoja na mwingine, na nguvu yake ni nguvu ya vipande hivyo. Makabati mengi ya jikoni ni ya chipubodi au MDF, yaani chembe au nyuzinyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi chini ya mgandamizo mkubwa, unene wake kwa kawaida ni milimita 16 au 18. Zikilowa, chembe huvimba, huvunja gundi iliyozishika, na zikikauka hazirudi zilivyokuwa. Sinki ndiyo sehemu ya jikoni inayovuja zaidi. Bonyeza ubao kwa kidole gumba karibu na ukuta, hapohapo skrubu ya nyuma inapotakiwa kukaa. Ukibonyea, usifunge skrubu juu yake.

Dawa si skrubu nene zaidi. Weka kipande cha plaiwudi ya milimita 12 kitakachofunika ubao wote wa chini, na mkia wa reli uufunge kwa bolti inayopenya hadi upande wa pili, yenye nati na washa pana. Kwa skrubu, mvuto hung'oa chembe kutoka ndani. Kwa bolti, mvuto huohuo unageuka kuwa mgandamizo wa washa dhidi ya uso wa chini wa ubao, umetawanywa juu ya eneo kubwa. Chipubodi huvumilia kubanwa vizuri kuliko kung'olewa. Njia nyingine ni reli za ubavuni, zinazofungwa kwenye kuta za kabati. Hapo skrubu husukumwa kwa upande badala ya kuvutwa nje, na huko maji hufika kwa nadra. Hizo huhitaji uwazi wa milimita 12.5 hadi 13 kila upande. Ukizidi, reli inaachana, ukipungua, inabana.

Reli za kisasa ni tamu kuvuta kwa sababu ya gololi. Droo ya mbao juu ya mbao husuguana, na kani ya kuivuta huweza kufika theluthi moja au zaidi ya uzito wake, yaani nyutoni 40 na kitu kwa ndoo yetu. Gololi ya chuma haiburuzwi, inabingirika. Pale inapogusa chuma, kwa nukta ile, haitelezi hata kidogo, hivyo hakuna kukwaruzana. Kinachopotea ni nishati kidogo tu ya kupinda kwa chuma. Philip Vaughan wa Wales alipata hataza ya ekseli ya gari la farasi yenye gololi mwaka 1794, na droo yako inatumia wazo hilohilo. Nyutoni chache zinatosha kuitoa.

Lakini wepesi huo una masharti. Ubao ukiwa umeinamia mbele kwa sentimita 1 tu katika urefu wa sentimita 45, sehemu ya 1 kati ya 45 ya uzito, yaani karibu nyutoni 2.7, inaisukuma ndoo nje. Kwenye droo ya mbao kani hiyo isingefanya lolote. Kwenye gololi inatosha ndoo ijitokee yenyewe usiku. Basi pimamaji si la kuachwa kwenye mfuko wa fundi. Na reli mbili zisipokuwa sambamba, gololi zinabanwa upande na kugeuka breki. Kata kijiti kimoja chenye upana kamili unaotakiwa kati ya reli, kitumie mbele, kisha kitumie kilekile nyuma. Kijiti hakikosei kusoma namba. Macho yaliyoinama ndani ya kabati lenye giza hukosea.

Tuje kwenye bomba, ambako madhara makubwa hufanyika kimyakimya.

Chini ya tundu la sinki kuna bomba lililopinda, na katika mpindo huo hubaki maji siku zote. Wengi hulitazama kama kizuizi cha ndoo. Alexander Cumming, Mskoti aliyekuwa fundi wa saa jijini London, aliliweka bomba lililopinda chini ya choo katika hataza yake ya mwaka 1775, na tangu hapo nyumba zimeweza kuunganishwa na mfereji wa maji machafu bila kuvuta hewa yake. Hewa hiyo ina haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, na mferejini ndimo mende hupita pia.

Maji kidogo hivyo yanazuiaje? Hesabu tena. Kanieneo ya maji ni uzito wake juu ya kila eneo: kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo, mara 10, mara kina. Kwa kina cha sentimita 5 tunapata paskali 500. Hewa ya mferejini ikitaka kuingia jikoni lazima iisukume nguzo hiyo, na kanieneo yake isipozidi ya jikoni kwa paskali 500, haipiti. Hewa inayotuzunguka ina kanieneo ya takriban paskali 100,000, kwa hiyo kinga yetu ni sehemu ya 1 kati ya 200 tu. Ni ndogo, lakini inatosha, mradi usiipunguze. Bomba la plastiki la mikunjo, lile linalonyooka mkononi, ndilo linaloleta kishawishi: fundi hulivuta pembeni kuipa ndoo nafasi, mpindo unanyooka, maji yanakimbia, na mwenye nyumba anailaumu ndoo kwa harufu inayotoka mferejini. Nafasi ikikosekana, chukua ndoo fupi au isogeze upande mmoja. Mpindo unaweza kugeuzwa kuelekea ukuta wa nyuma. Kina cha maji yake kisiguswe.

Kisha acha sentimita 3 kati ya ndoo na bomba hata kama ndoo ikifungwa haigusi chochote. Ndoo ya kilo 12 ikisukumwa kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, mwendo wa kawaida wa mtu mwenye haraka, ina nishati ya jouli 1.5. Ikisimamishwa na kiungo cha bomba ndani ya milimita 2, kiungo hicho kinapokea wastani wa nyutoni 750, sawa na uzito wa mtu wa kilo 75. Kiungo cha kukaza kwa mkono hakikuundwa kwa pigo hilo, na kila pigo hukilegeza kidogo, maji yaanze kudondoka juu ya ubao uleule unaoshika skrubu ya nyuma. Kizuizi cha mpira mwishoni mwa reli kinagharimu kidogo sana.

Kuhusu taka zenyewe nina la kusema moja tu. Ndani ya kabati kuna giza, joto na unyevu, na yai la nzi katika hali ya joto huanguliwa ndani ya siku moja. Mlango uliofungwa hausimamishi kuoza, unakuficha tu usione. Ndoo ya taka zinazooza imwagwe kila siku.

Kazi ikiisha, usimlipe fundi kwa kuona ndoo inateleza vizuri ikiwa tupu. Lita 1 ya maji ina kilo 1, hivyo maji yatakupa mzigo unaoujua bila mizani. Tia lita 10 kwenye ndoo, ivute hadi mwisho, bonyeza ukingo wake wa mbele kwa mkono, halafu mulika kwa tochi kule nyuma kabisa ya kabati. Mkia wa reli ukiinuka hata milimita moja, mwombe afungue na kufunga upya, safari hii karibu na ukuta.