Shangazi, paka anaharisha na mume amenuna

Mwanangu Nimechoka wa Tanga,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisogeza chai pembeni. Paka wako Shombo, dume la miaka tisa, anaharisha tangu kabla ya Ramadhani. Anatulia siku tatu nne, ukianza kushukuru anatapika zuliani. Amekonda hadi ukimpapasa mgongoni unahesabu pingili. Juzi kajisaidia juu ya mswala wa mumeo, na mumeo, ambaye mpaka hapo alikuwa akinuna tu, akatoa hukumu: gunia, bodaboda, soko la samaki Deep Sea. Wewe unauliza mawili. Je, paka huyu anakukomoa? Na je, ni dhambi kumhangaikia mnyama wakati kuna watu wanakosa dawa?

La kukomoa tulimalize haraka. Paka hapangi visasi vya aina hiyo. Utumbo mpana ukivimba, haja huja kwa ghafla, na mnyama hujisaidia pale ilipomkuta. Tena akiumwa tumbo akiwa kwenye boksi lake la mchanga, huona boksi ndilo linalomuumiza, akaanza kulikwepa. Mswala ulikuwa karibu na ulikuwa laini, basi. Mumeo anajua kuwa paka mwenyewe si najisi; najisi ni kile alichokiacha, na mswala unafulika. Kwa sasa ukishaswaliwa ukunjwe na utundikwe. Boksi nalo litoe huko uani nyuma ya madumu, uliweke mahali anapofika bila safari.

Sasa na mimi niruhusu nikuseme kidogo. Umeniandikia kwa fahari yote uliyomfanyia mwezi huu: maziwa ya kumrudishia nguvu, dagaa wa kukaanga, mabaki ya samaki wa kupaka, pakiti ya chakula aliyoleta dada yako kutoka Dar, uji wa mchele, maji ya majani ya mpera kwa ushauri wa jirani, nusu kidonge cha Flagyl, dawa ya minyoo ya wanao, kisha ukarudi kwenye maziwa. Mwanangu, hata mimi ningeharisha!

Hicho ndicho ninachotaka ukisikie kuliko yote. Hujamtelekeza paka wako. Umemhurumia kwa fujo. Kila akiharisha unabadilisha kitu, na kwa kuwa ugonjwa wenyewe una tabia ya kupoa na kurudi, kila kitu kimeonekana kumponya na kila kitu kimeonekana kumdhuru. Mpaka leo si wewe wala daktari anayeweza kusema nini kinamchokoza.

Maziwa uyaache kabisa. Paka wengi wakishakua hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari iliyomo kwenye maziwa, nayo hubaki utumboni ikivuta maji. Samaki wa kupaka si wa paka: tui lina mafuta mengi kwa tumbo bovu, na vitunguu, maji na saumu, huharibu chembe nyekundu za damu yake. Flagyl ulisema "ilimponya siku nne". Dawa ile inaweza kukausha choo kwa muda, kisha ugonjwa ukarejea palepale, na kipimo kikizidi humvuruga paka mishipa ya fahamu. Isitoke tena kwenye droo yako bila daktari. Na ile Panadol uliyofikiria kumpa kwa ajili ya maumivu, nashukuru uliandika kabla ya kumpa. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka.

Kuharisha kukipita wiki tatu hakuitwi tena tumbo kuchafuka. Ni ugonjwa sugu, na unatafutiwa chanzo kwa utaratibu, ukianzia kwenye vitu vya bei nafuu. Chukua kinyesi cha asubuhi hiyohiyo kwenye kopo safi, umpelekee daktari wa mifugo aangalie minyoo na vijidudu vingine. Dawa ya minyoo atakupa yeye, kwa uzito wa paka. Usione haya kumfuata yule wa halmashauri kwa sababu umezoea kumwona kwenye ng'ombe na mbuzi; paka naye ni mgonjwa wake. Akikwama, kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, anaweza kuwauliza wenzake. Kwa umri wa Shombo, mwombe apime na damu: figo, sukari, na tezi ya shingo, ambayo kwa paka wazee ikifanya kazi kupita kiasi humkondesha mnyama huku akila kama mwenye njaa ya mwaka.

Baada ya hapo linakuja jaribio la chakula, na hapa ndipo utakapotakiwa kuwa mgumu. Chagua nyama moja ambayo Shombo hajaizoea, sungura au bata kwa mfano, ichemshwe bila chumvi wala kiungo chochote. Iingize kidogokidogo kwa siku saba hadi kumi, ukipunguza chakula cha zamani. Kisha ale hicho tu. Wanao wasimdondoshee kichwa cha dagaa, jirani asimwonjeshe, na wewe mwenyewe, ambaye ninakushuku kuliko wote, usimpe kitu "kidogo tu" usiku. Kama chakula ndicho kilichokuwa kikimkera, mara nyingi utaona nafuu ndani ya wiki mbili. Endelea hata hivyo mpaka daktari akwambie basi. Ila nyama tupu haifai kuwa chakula chake cha maisha. Haina kalisiamu ya kutosha, na ikichemshwa maji yakamwagwa hupoteza taurini, kirutubisho ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka wakipungukiwa nacho moyo hupanuka na kudhoofika. Kwa hiyo mkishajua nyama inayomfaa, daktari akusaidie kukikamilisha chakula hicho, au akutafutie cha pakiti chenye nyama hiyohiyo.

Kama chakula hakikusaidia, huenda ni uvimbe wa kudumu wa utumbo, au aina ya saratani inayokwenda polepole. Magonjwa haya hufanana mno, na kuyatenganisha kwa uhakika huhitaji kukata kipande kidogo cha utumbo kikapimwe. Hapo gharama hupanda, na najua wewe si mwenye hoteli. Basi jua kwamba madaktari wengi, mwenye paka akisema hana uwezo huo, hujaribu tiba moja kwa moja: prednisoloni ya vidonge, na sindano za vitamini B12, ambayo utumbo mgonjwa hushindwa kuinyonya. Hutakuwa umemdhulumu. Wapo paka wanaoishi hivyo miaka, kwa kidonge na chakula kilekile kila siku. Hawaponi, lakini wanalala juani na kugombania kiti kama kawaida. Naona barua yako nzima inasubiri siku Shombo atakapopona moja kwa moja. Huenda siku hiyo isije, na bado mkaishi vizuri.

Yako mambo ambayo hayangoji kesho. Paka akikataa chakula siku nzima, mpigie daktari. Akifika siku mbili tatu, mafuta ya mwili huanza kujazana kwenye ini, hasa kama alikuwa mnene. Vivyo hivyo akitapika mfululizo, ukiona damu au choo cheusi kama lami, au fizi zikiwa za manjano. Na kwa kuwa ni dume: ukimwona amechuchumaa anajikamua na hakitoki kitu, usidhani choo kimekuwa kigumu. Huenda ni mkojo umeziba, na hiyo ni dharura ya saa, si ya siku.

Nakuja kwa mumeo na lile swali lako la dhambi. Mamamkwe kasema watu hawana dawa, wewe wanunua za paka. Kweli watu hawana dawa. Lakini kumtupa Shombo hakutampeleka mgonjwa hata mmoja hospitali, na mtu anayemhurumia paka kwa kawaida hasahau watu; barua yako yenyewe imetaja majirani wawili unaowapelekea futari. Unachohitaji ni mpaka. Kaeni na mumeo kabla ya kwenda kwa daktari, mtaje kiasi ambacho nyumba inaweza kutoa kwa mwezi bila kugusa ada, na ukishakitaja ukiheshimu hata moyo ukiuma. Ukifika mwisho wake na paka anateseka, daktari ana sindano ya kumpumzisha, nawe utakuwepo ukimshika. Deep Sea si pa kumpeleka paka mzee aliyelishwa mkononi miaka tisa. Pana wenyewe, wana kucha, na hawapokei wageni.

Mumeo usimwone adui, kwani aliyechafuliwa mswala ana haki ya kukasirika. Unasema yeye ndiye aliyemleta Shombo nyumbani ndani ya mfuko wa shati, kwa hiyo mpe kazi. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 400 ni kama mtu wa kilo 70 kupungua 7, na macho hayawezi kuliona hilo wiki kwa wiki. Kila Ijumaa asimame kwenye mizani ya kidijitali akiwa amempakata, kisha asimame peke yake, mtoe tofauti na kuiandika kwenye daftari pamoja na siku alizoharisha na siku alizotapika. Daftari hilo mlipeleke kwa daktari. Akikataa, si kwa sababu ya Shombo; huenda anaogopa mizani itasema nini juu ya kitambi chake.