Dawa ya magugu kwenye mahindi na kunde

SWALI: Shamba langu liko Nkuhungu, Dodoma. Mahindi yana majani manne, yamechanganywa na kunde. Nipige dawa gani ya magugu? Mwanangu anaweza kunisaidia kupiga?

JIBU: Ndugu msomaji, glaifosati usiiguse sasa, itaua mahindi pamoja na magugu. Hiyo hupigwa kabla mazao hayajaota. Atrazini mahindi huihimili, lakini itaunguza kunde zako, na katika ukame wetu mabaki yake yanaweza kukaa udongoni hadi yadhuru alizeti ya msimu ujao. Kwa hiyo shika jembe, palilia sasa hivi. Magugu ya wiki za mwanzo ndiyo yanayokula mavuno. Msimu mwingine ukipanda mahindi matupu, nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), chupa ikiwa bado na lakiri. Mtoto asiishike kabisa, na chupa tupu itoboe, isichotewe maji.