Kichwa Kilichogongwa Uwanjani: Vijana wa Kombaini na Somo Linalotoka Katika Raga

Kila mwaka shule za sekondari nchini Tanzania hutoa vijana wao kwa ajili ya mashindano ya UMISSETA. Kijana huanza katika timu ya shule yake, akateuliwa kwenye kata, akapanda wilayani, na wachache wakafika mkoani na hatimaye taifani. Kuanzia wilayani, kinachoingia uwanjani si shule tena bali kombaini: timu iliyokusanywa kutoka shule nyingi, yenye wachezaji ambao baadhi yao wamefahamiana kwa siku chache tu. Mkoani Pwani, kombaini ya Kisarawe hukutana na zile za Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga na wilaya nyingine, kisha huteuliwa timu moja ya mkoa. Viwanja vya Shirika la Elimu Kibaha, taasisi iliyoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, vimewahi kupokea hata ngazi ya taifa, kabla ya mashindano hayo kuhamia kwenye mikoa kama Mtwara na Tabora.

Mfumo huu una faida nyingi, lakini kitabibu una udhaifu mmoja ambao hauzungumzwi vya kutosha. Mwalimu anayesimamia kombaini hamjui mtoto. Hajui jinsi anavyozungumza akiwa mzima, kwa hiyo hawezi kutambua kwa urahisi kwamba leo anazungumza polepole kuliko jana. Mzazi yuko mbali. Mechi zimepangwa kwa kufuatana, pengine kila siku. Na mtoto mwenyewe anajua kwamba benchi lina mwenzake anayesubiri nafasi yake. Katika mazingira hayo, jeraha linaloweza kufichwa litafichwa, na jeraha linalofichika kuliko yote ni mtikisiko wa ubongo.

Kwa nini raga

Raga haichezwi sana Pwani. Nchini Tanzania mchezo huo umejikita zaidi Arusha na Dar es Salaam, ilhali Kenya una mizizi mashuleni, na timu ya vijana wa Kenya wa chini ya miaka 20, maarufu kwa jina la Chipu, ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2019 jijini Nairobi kwa kuifunga Namibia. Hata hivyo, mhudumu wa afya wa Kibaha au Kisarawe ana mengi ya kujifunza kutoka kwenye raga ya vijana, kwa sababu mchezo huo umelazimika kulitazama jeraha la kichwa mapema kuliko michezo mingine, na umelipa gharama ya kuchelewa kulitazama.

Mwezi Januari 2011, katika mechi ya raga ya shule huko Carrickfergus, Ireland ya Kaskazini, mchezaji wa miaka 14 aligongwa kichwani zaidi ya mara moja na akaendelea kucheza. Alianguka kabla ya mchezo kumalizika, akafariki dunia siku mbili baadaye. Uchunguzi wa kisheria wa mwaka 2013 ulieleza kifo hicho kuwa matokeo ya pigo la pili juu ya ubongo uliokuwa haujapona pigo la kwanza. Wazazi wake waliibeba habari hiyo hadharani kwa miaka mingi, na taratibu zinazofuatwa sasa katika mchezo wa vijana zimetokana kwa sehemu na juhudi hizo.

Kanuni iliyozaliwa ni fupi: tambua, mtoe. Kijana anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutolewa uwanjani na harudi siku hiyo. Hapimwi kwa dakika chache kisha akarudishwa, kama inavyofanyika kwa wachezaji wa kulipwa ambao wana madaktari na kamera pembeni ya uwanja. Nchini New Zealand mwamuzi wa mechi zisizo za kulipwa hubeba hata kadi ya buluu: akimwonyesha mchezaji, huyo ametoka, na mjadala na kocha umekwisha. Uzuri wa kadi hiyo ni kwamba inamwondolea kocha uamuzi ambao hana uhuru wa kuufanya. Soka nayo imeanza kufuata. Bodi ya kimataifa inayotunga sheria zake iliruhusu kwa majaribio mwaka 2021 badiliko la ziada la mchezaji aliyeumia kichwa, na mwaka 2024 ikaliingiza rasmi katika sheria, kwa mashindano yanayochagua kulitumia.

Kinachotokea ndani ya fuvu

Ubongo ni laini, nao umezungukwa na maji maalumu ndani ya fuvu gumu. Kichwa kinaposukumwa au kuzungushwa ghafla, ubongo huchelewa kidogo kufuata mwendo wa fuvu, na nyuzi za seli zake huvutwa na kujipinda. Hakuna lazima kitu kivunjike. Chumvichumvi zinazopaswa kukaa ndani ya seli hutoka, zinazopaswa kukaa nje huingia, na seli hutumia nguvu nyingi kurudisha hali ya kawaida wakati ambapo uwezo wao wa kupata nguvu hiyo umepungua. Ndiyo maana picha ya CT ya mgonjwa mwenye mtikisiko huwa safi. Picha hiyo hutafuta damu iliyovilia na mfupa uliovunjika. Haioni seli iliyochoka. Jibu la kwamba “kipimo hakijaonyesha kitu” halimaanishi kwamba mgonjwa hana kitu.

Vilevile si lazima kichwa chenyewe kiguswe. Pigo la kifuani au mgongoni linaloyumbisha kichwa kwa nguvu linatosha. Wala si lazima mtu azimie: wengi wa waliopata mtikisiko hawapotezi fahamu hata kidogo. Imani kwamba “hakuzimia, basi hana tatizo” ndiyo iliyowarudisha uwanjani vijana wengi wasiostahili kurudi.

Katika soka mtikisiko hutokea zaidi wachezaji wawili wanaporuka pamoja kuwania mpira wa juu na vichwa vikagongana, au kiwiko kikapiga fuvu. Katika netiboli hutokana na kuanguka na kugongana. Tafiti za michezo inayolingana zimeonyesha kwamba wasichana hupata mtikisiko kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wavulana, jambo ambalo walimu wa netiboli hawana budi kulizingatia.

Mfano wa Kisarawe na Kibaha

Tuchukue mfano wa kubuni. Mlinzi wa miaka 16 kutoka shule ya upande wa Maneromango anagongana kichwa na mwenzake Ijumaa, katika mechi za uteuzi wilayani Kisarawe. Anakaa chini kidogo, anamwagiwa maji ya baridi kichwani, anapulizwa dawa ya maumivu, anaendelea. Jumatatu yuko kambini Kibaha. Usiku kichwa kinamuuma, asubuhi anatapika, mchana anasema mwanga wa jua unamchoma macho. Anapelekwa zahanati.

Nini kitakachofuata? Yeyote aliyefanya kazi Pwani anajua: kitaagizwa kipimo cha haraka cha malaria. Ni sahihi kukiagiza. Hatari inaanza pale kipimo kinaposoma chanya. Katika eneo lenye malaria, mtu anaweza kuwa na vimelea, au mabaki ya vimelea yanayosomwa na kipimo hata wiki kadhaa baada ya kutibiwa, na bado kinachomtapisha leo kikawa ubongo wake. Kipimo chanya kinathibitisha kwamba malaria ipo au ilikuwapo. Hakikanushi jeraha la kichwa. Homa isipokuwapo, shaka inapaswa kuongezeka.

Swali linalookoa hali hiyo halihitaji mashine: “Je, katika siku saba zilizopita umegongwa kichwani, umeanguka, au umesukumwa ukayumba?” Liulizwe kwa kila kijana wa kambini anayelalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida au kushindwa kuzingatia. Na liulizwe mwalimu akiwa nje ya chumba, maana mbele ya mwalimu jibu litakuwa hapana. Aulizwe pia mwenzake wa chumba, ambaye mara nyingi ndiye aliyeona kwamba mgonjwa anarudia swali lilelile, au anakasirika bila sababu, au aliamka usiku akiyumba.

Uwanjani maswali huwa mengine. Kumuuliza kijana jina lake ni kazi bure, kwani hata mwenye mtikisiko mkubwa huwa analikumbuka. Aulizwe: tuko uwanja gani? Ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani alifunga bao la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani, na je, tulishinda? Akikosea, akisitasita, au akitazama jukwaani kutafuta jibu, mchezo wake umekwisha siku hiyo. Akijibu yote kwa usahihi lakini sura yake haiku sawa, atoke vilevile, kwa kuwa dalili nyingine huchelewa hadi saa 24 au 48.

Dalili zisizongoja

Mtikisiko wenyewe mara nyingi hupona. Kinachoua haraka ni damu inayovilia kati ya fuvu na ubongo, na tatizo lake ni kwamba huweza kuanza na kipindi cha unafuu: kijana anaamka, anaongea, hata anacheka, kisha saa chache baadaye anaanza kupotea. Kwa hiyo aliyeumia kichwa asiachwe peke yake saa 24 za mwanzo, wala asipewe pikipiki aende mwenyewe.

Apelekwe hospitali mara moja iwapo maumivu ya kichwa yanazidi badala ya kupungua, anatapika kwa kurudia, anapata degedege, anashindwa kuamshwa, anachanganyikiwa zaidi, mkono au mguu unakosa nguvu, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, au maji mepesi au damu inatoka sikioni au puani. Maumivu ya shingo au ganzi mikononi humaanisha kwamba asiinuliwe wala kukalishwa. Kichwa na shingo vishikwe mahali vilipo hadi wenye utaalamu wa kumhamisha wafike. Desturi ya kumwinua haraka kwa mikono na miguu, watu wanne kila mmoja kona yake, inaweza kuharibu uti wa mgongo uliokuwa umepona pigo lenyewe.

Kwa aliye Kibaha, Hospitali ya Tumbi ipo karibu, nayo ina uzoefu mrefu wa majeruhi wa barabara ya Morogoro. Mbele yake, kuelekea Dar es Salaam, ipo Mloganzila, kisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili yenye madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kwa aliye Kisarawe mjini, njia ya kushuka Pugu humfikisha Dar es Salaam. Aliye Maneromango au ndani zaidi ana safari nyingine kabisa, na kwake uamuzi wa rufaa lazima uwe wa mapema. Kabla mechi haijaanza, msimamizi awe anajua gari ni lipi, dereva yuko wapi na simu ya hospitali ni ipi. Jambo hili si la daktari pekee.

Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe siku mbili za mwanzo kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Kuhusu usingizi, wasiwasi wa wazazi kwamba mtoto akilala atakufa umetiwa chumvi. Akishachunguzwa na kuonekana hana dalili za hatari, alale. Mtu mzima amwangalie na kumwamsha mara kadhaa usiku wa kwanza kuona kama anaitikia kama kawaida.

Kurudi darasani, kisha uwanjani

Zamani wagonjwa waliambiwa wajifungie chumbani gizani hadi maumivu yaishe. Makubaliano ya wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 yanashauri vingine: mapumziko ya kadiri kwa siku moja au mbili, kisha shughuli nyepesi kama kutembea, zikiongezwa taratibu mradi dalili hazizidi kwa kiasi kikubwa. Simu na runinga zipunguzwe siku hizo mbili za mwanzo. Baada ya hapo hufuata mbio nyepesi, mazoezi ya mchezo bila kugusana, mazoezi kamili kwa kibali cha tabibu, na mwisho mechi, kila hatua ikipewa angalau siku moja. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi ya chini unaweka kiwango cha chini cha siku 21 kabla ya kurudi kwenye mashindano, na kijana awe amekaa siku 14 bila dalili wakati wa kupumzika kabla ya mazoezi ya kugusana.

Siku 21 ni ndefu kuliko mashindano yenyewe. Hapana njia ya kulizunguka hilo. Kijana wa mfano wetu, angetambuliwa Ijumaa ile Kisarawe, asingekwenda Kibaha kabisa, na pengine asingeonekana na wale wanaotafuta vipaji. Ni hasara ya kweli, na mhudumu anayemweleza mzazi asijifanye kwamba ni ndogo. Kilicho ndani ya uwezo wa viongozi wa michezo ni kumwandikia jina lake katika uteuzi wa msimu unaofuata, ili asiwe na sababu ya kuficha.

Kuna karatasi moja ambayo ingeziba pengo kati ya wilaya na mkoa: barua ya tabibu inayosafiri na mchezaji, yenye tarehe ya pigo, dalili zilizoonekana, dawa alizopewa na tarehe ya mapema kabisa anayoweza kurudi kucheza. Nakala moja ibaki zahanati ya kwao, nyingine apewe mzazi, ya tatu mwalimu wa darasa. Huyu wa mwisho husahaulika. Mwanafunzi mwenye mtikisiko husoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuushika, huumizwa na kelele za darasa la watu wengi, na huchoka kabla ya saa nne asubuhi. Apewe vipindi vifupi, aruhusiwe kupumzika kivulini, mitihani yake isogezwe kwa wiki moja au mbili. Hadi atakapoweza kukaa darasani siku nzima bila kichwa kumuuma, suala la viatu vya mpira halijafikiwa.